Merikebu za Mawinguni: Askofu, Umati na Shairi la Zinguo

Baina ya mwaka 815 na 817 hivi, katika mji wa Lyon, ulioko mashariki ya Ufaransa ya leo, iliandikwa risala fupi ya Kilatini juu ya mvua ya mawe na ngurumo. Mwandishi wake ni Agobard, askofu mkuu wa mji huo tangu mwaka 816, aliyefariki mwaka 840. Lau si bahati, risala hiyo isingalisomwa na mtu yeyote leo. Mwaka 1605 mwanachuoni Papire Masson aliukuta muswada wa kazi za Agobard kwa mtia majalada mmoja wa Lyon, ukiwa karibu kukatwakatwa ili ngozi zake zijalidie vitabu vingine. Akaununua, akauchapisha. Hivyo ndivyo ilivyosalimika mojawapo ya nathari zenye kusisimua mno kupata kuandikwa Ulaya katika karne ya 9. Na inafaa isomwe na wapenzi wa mashairi, kwa sababu kiini cha mzozo wake ni nguvu ya maneno yanayotamkwa.

Agobard anaanza kwa kueleza kwamba katika nchi zile takriban watu wote, wakubwa kwa wadogo, wa mjini na wa shamba, wazee na vijana, waliamini kwamba mvua ya mawe na radi huweza kuletwa na binadamu apendapo. Waliosadikiwa kuwa na uwezo huo waliitwa kwa neno la Kilatini ambalo maana yake ni waleta tufani. Ngurumo iliposikika, watu walisema kuwa upepo umenyanyuliwa, yaani umeapizwa na mtu. Wengine walizidi: walisadiki kwamba iko nchi iitwayo Magonia, na kwamba kutoka nchi hiyo merikebu husafiri juu ya mawingu. Mazao yaliyoangushwa na mvua ya mawe hupakiwa humo, na mabaharia wa angani huwalipa waleta tufani ujira wao, kisha hung'oa nanga kurudi kwao.

Msomaji wa pwani, aliyezoea kutazama upeo wa bahari na kungoja tanga, hawezi kuipita picha hiyo bila kusimama. Watu wa bara, walio mbali na bahari, waliitazama anga wakaiona ina bandari, nahodha, shehena na biashara. Hasara ya mkulima aliyeamka akakuta ngano yake imelala chini ilipata maelezo yaliyo kamili kama hadithi: mazao hayakuharibika tu, yaliibwa, na kama yaliibwa, yuko aliyeuza. Hapo ndipo picha inapoacha kuwa nzuri.

Kwani Agobard anasimulia kwamba siku moja alishuhudia watu wanne, wanaume watatu na mwanamke mmoja, wakiletwa hadharani wamefungwa minyororo. Ilidaiwa kwamba walidondoka kutoka merikebu hizo. Walikuwa wamezuiliwa siku kadhaa, kisha wakahudhurishwa mbele ya umati ili wapigwe mawe mpaka wafe. Askofu anasema kwamba baada ya majadiliano mengi ukweli ulishinda, na waliowaleta wakafadhaika. Haongezi zaidi ya hapo. Hakutaja majina ya wale wanne, wala walikotoka, wala walikokwenda baadaye.

Ufupi wa maelezo hayo ndio nguvu yake, lakini nguvu kubwa zaidi imo katika namna mwandishi anavyoendesha hoja. Agobard hakuanza kwa laana. Alianza kwa kutafuta shahidi. Anaeleza kwamba kila aliposikia kuwa fulani ameyaona mambo haya kwa macho yake, alifanya bidii kumtafuta. Mara moja alimpata mmoja aliyedai kuwa ameona. Askofu alimsisitiza aseme kweli, akamwonya asimzulie mtu. Mtu yule akashikilia kwamba habari ni ya kweli, akataja jina la mhusika, wakati na mahali. Kisha akakiri kwamba yeye mwenyewe hakuwapo. Msomaji yeyote aliyewahi kufuatilia uvumi hadi chanzoni atautambua mwisho huo.

Baada ya shahidi zinakuja hoja. Agobard anapitia Biblia na kuonyesha kwamba mvua ya mawe iliyoipiga Misri, na ngurumo za zama za Nabii Samweli, zililetwa na Mungu kwa dua au kwa amri yake, wala si kwa ufundi wa mtu. Kisha anashuka ardhini. Ikiwa watu hawa wanaweza kuleta mvua ya mawe, mbona ukame unapozuia kupanda hamuwaombi walete mvua ya kawaida ili ardhi ilowe? Swali hilo halihitaji elimu ya chuoni. Ni swali la mkulima kumwuliza mkulima, na thamani ya risala hii iko hapo: mwanachuoni amekubali kubishana katika lugha ya wale anaowapinga.

Sehemu ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Miaka michache kabla, panapo mwaka 810, maradhi yalikuwa yameangamiza ng'ombe katika sehemu nyingi za Ulaya. Ukaenea uvumi kwamba Grimoald, mtawala wa Benevento huko Italia, kwa uadui wake na Kaisari Karolo Mkuu, ametuma watu wenye unga wa sumu waumwage mashambani, milimani na katika chemchemi. Agobard anasema watu wengi walikamatwa kwa tuhuma hiyo. Baadhi waliuawa, na wengi walifungwa kwenye mbao wakatupwa mtoni. Anauliza maswali yake yale yale ya kawaida. Unga gani huo unaoua ng'ombe na kuwaacha wanyama wengine? Watu wote wa Benevento, wake kwa waume, wazee kwa watoto, lau wangalitoka kila mmoja na magari matatu yaliyosheheni unga, wangaliweza kuufikisha katika nchi pana namna ile? Lakini lililomshangaza zaidi ni jambo jingine: kwamba waliokamatwa wenyewe walijishuhudia kuwa walikuwa na unga huo na waliumwaga. Wala adhabu wala hofu ya kifo haikuwazuia kujisingizia.

Hapa Agobard aligusa jambo ambalo Ulaya ingelilipia gharama kubwa baadaye. Aliona kwamba kukiri si ushahidi. Aliona kwamba mtu aliyetiwa mbele ya umati huweza kuuazima uwongo wa umati akaufanya wake. Alieleza hayo kwa kumtaja shetani, kama ilivyokuwa desturi ya zama zake, lakini aliliona jambo lenyewe bayana, na hakulifumbia macho.

Pamoja na hayo, si haki kumfanya Agobard mtu wa leo aliyepotea njia akazaliwa karne ya 9. Risala yenyewe inaonyesha maslahi yake. Analalamika kwamba wako watu wanaojidai kuwa hawaleti tufani lakini wanajua kuwakinga wenyeji nayo, na wenyeji huwapa sehemu maalumu ya mazao yao kila mwaka. Ilhali watu hao hao hawatoi zaka kwa makasisi wala sadaka kwa wajane, mayatima na maskini isipokuwa kwa kuhimizwa. Shamba moja lilikuwa na wadai wawili. Aidha, kalamu hiyo hiyo iliyowatetea wale wanne iliandika, katika miaka ya 820, nyaraka kali dhidi ya Mayahudi wa Lyon. Huko hakutafuta shahidi kwa bidii ile. Mhakiki hana budi kuyaweka mawili haya pamoja. Akili iliyo kali mbele ya uvumi wa wengine huweza kulala usingizi mzito mbele ya uvumi wake yenyewe.

Wala Agobard hakuwa peke yake. Mwaka 643 Mfalme Rothari wa Walombardi, huko Italia, aliweka sheria inayokataza mtu kumwua mjakazi au mwanamke tegemezi wa mwingine kwa madai kuwa ni mla watu, kwa sababu akili ya Kikristo haipaswi kuamini kwamba mwanamke aweza kumla mtu hai kutoka ndani. Karolo Mkuu, katika amri zake kwa Wasaksoni za mwishoni mwa karne ya 8, aliagiza auawe yule atakayemchoma moto mtu mwingine kwa kuamini kuwa ni mchawi mla watu. Mwaka 1080 Papa Gregori wa Saba alimwandikia mfalme wa Denmark kumwonya asiwabebeshe makasisi na wanawake lawama za tufani na maradhi. Kwa hiyo katika karne hizo, aghalabu, sheria na kanisa vilisimama baina ya mtuhumiwa na umati.

Lakini sheria hizo nazo zisomwe kwa ukamilifu. Rothari alimlinda mwanamke aliye mali ya mtu, na faini ilikwenda kwa mfalme na kwa bwana wake. Amri za Karolo zinazomlinda mtuhumiwa wa uchawi ndizo hizo hizo zinazotoa hukumu ya kifo kwa Msaksoni atakayejificha asibatizwe. Rehema ilikuwamo, ila ilikuja na upanga.

Katika ukoo huo wa maandishi iko kanuni mashuhuri iliyonakiliwa na Regino wa Prüm mnamo mwaka 906. Inawaagiza maaskofu kuufukuza uchawi na upigaji ramli katika maeneo yao, kisha inawataja wanawake wanaosadiki kwamba usiku hupanda wanyama na kusafiri masafa marefu pamoja na Diana, mungu wa kipagani. Kanuni inashikilia kwamba hayo ni ndoto: roho hudanganywa, mwili haukutoka kitandani. Karne moja baadaye Burchard, askofu wa Worms aliyefariki mwaka 1025, aliingiza kanuni hiyo katika mkusanyo wake mkubwa wa sheria za kanisa wenye vitabu 20. Kitabu cha 19 kinaitwa Mrekebishaji, au Tabibu. Ni mwongozo wa kasisi anayemsikiliza mwenye kutubu.

Kifani, kitabu hicho ni cha ajabu. Kimejengwa kwa maswali: je, umetenda hili, je, umeamini lile, na kila swali limefungiwa kiasi chake cha toba, siku au miaka ya mkate na maji. Burchard anamwuliza mwenye kutubu kama ameandaa meza yenye chakula, kinywaji na visu vitatu kwa ajili ya wale dada watatu wa majaaliwa. Anauliza juu ya wanawake wanaosadiki kwamba hupita katika milango iliyofungwa, huku waume wao wamelala ubavuni, wakaua watu na kuwawekea majani makavu au kipande cha gogo mahali pa moyo. Anauliza juu ya wasichana wanaoomba mvua: mmoja wao huvuliwa nguo, hufungiwa mmea katika kidole kidogo cha mguu wa kulia, hupelekwa mtoni kunyunyiziwa maji, kisha hurudishwa akitembea kinyumenyume kama kaa. Toba ya jambo hilo ni siku 20 tu.

Hapa pana kejeli ambayo hapana shaka Burchard hakuikusudia. Alitaka kufuta, akahifadhi. Bila swali lake, yule msichana anayerudi kinyumenyume kutoka mtoni asingalijulikana kabisa. Na adhabu aghalabu inamwangukia anayeamini, si anayesingiziwa. Dhambi anayoisaka ni dhana yenyewe kwamba jirani aweza kukutoa moyo usiku. Ulaya ya karne ya 16 ilikuja kuligeuza hilo juu chini.

Mfasiri wa Kiswahili anayeyakabili maandishi haya hukutana na mtego mapema. Kilatini cha makasisi kina maneno mengi, na kila moja lina mtu wake: yuko mtenda maovu kwa siri, yuko mtia sumu, yuko mpiga ramli, yuko msoma maapizo, yuko mleta tufani, na yuko mla watu wa usiku, ambaye jina lake limetokana na ndege, bundi ambaye Warumi waliamini kuwa hunyonya damu ya watoto wachanga. Mfasiri mvivu atawaita wote wachawi na kuumaliza mjadala. Lakini Kiswahili hakina umaskini huo. Kina mchawi na mlozi, kina mwanga atembeaye usiku, kina mganga, kina mpiga bao, kina kago la kulinda shamba na zinguo la kumwondolea mtu alichofanyiwa. Na bundi mwenyewe ana jina jingine, babewatoto, linalokaribia mno hofu ile ya Warumi. Kuyatenga maneno haya si madoido ya msamiati. Umati wa Lyon uliwachanganya wageni wanne na waleta tufani. Kuchanganya majina ndiyo hatua ya kwanza ya kuokota jiwe.

Na baada ya maneno ya wanaokataza, yafaa yasikilizwe maneno ya wanaotibu, kwani yapo. Katika muswada wa tiba wa Uingereza wa mnamo mwaka 1000, uliohifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, London, limo zinguo la kuondoa kichomi cha ghafla. Huanza kwa maagizo ya majani yanayochemshwa kwa siagi, kisha huingia katika shairi la Kiingereza cha Kale. Maumivu yanaelezwa kuwa ni mikuki iliyorushwa na wapandaji farasi wenye kishindo waliopita juu ya kilima, wanawake wenye nguvu. Mwimbaji anasimama chini ya ngao. Mhunzi anaketi akifua kisu. Mkuki mdogo unaamriwa utoke, mara hii na mara nyingine. Iwe umerushwa na miungu, na majini wa mwituni, au na mwanga wa kike, mwimbaji anaahidi kumsaidia mgonjwa.

Ushairi huo hauna vina vya mwisho. Kila mshororo una vipande viwili, kama ukwapi na utao, vilivyofungamanishwa kwa sauti za mwanzo wa maneno. Mfasiri atakayeutia katika tarbia atapata beti zilizopangika na kupoteza zinguo, kwa kuwa nguvu yake iko katika mwendo usio sawa: amri fupi, masimulizi marefu, amri tena, kama mkono unaovuta mwiba, ukapumzika, ukavuta.

Kago la shamba la zama hizo hizo ni refu zaidi. Limekusudiwa ardhi isiyozaa, au iliyoharibiwa kwa uchawi. Kabla ya alfajiri hukatwa mabonge manne ya udongo wenye majani kutoka pande nne za shamba, hutiwa mafuta, asali, hamira, maziwa na maji ya baraka, hupelekwa kanisani, na kasisi huyasomea misa nne huku upande wa majani umeelekezwa madhabahuni. Hurudishwa kabla ya jua kutua, pamoja na misalaba yenye majina ya wainjilisti wanne. Mbegu hupokewa kutoka kwa ombaomba, nao hurudishiwa maradufu. Ndipo mkulima hutamka mashairi yanayomwita Mungu na papo hapo yakamwita mama wa ardhi kwa jina la kale ambalo wanazuoni wangali wanabishana juu ya maana yake.

Juu ya mchanganyiko huu limeandikwa mengi. Valerie Flint, katika kitabu chake cha mwaka 1991 juu ya kuinuka kwa uchawi katika Ulaya ya zama hizo, anadai kwamba kanisa lilichagua kwa makusudi baadhi ya mambo ya kale na kuyavisha kanzu. Karen Jolly, mwaka 1996, alipendekeza kwamba mazinguo haya yasomwe kama dini ya watu wa kawaida, iliyokaa katikati, mahali ambapo kasisi na mkulima walikutana. Kwa msomaji wa mashairi, rai ya Jolly inaonekana kuwa karibu zaidi na maandishi yenyewe. Kago la shamba halina mshono unaoonyesha mahali kanisa lilipoishia na upagani ulipoanzia. Yawezekana kabisa kwamba aliyeliandika aliliona kuwa ni jambo moja.

Lakini liko jambo ambalo mjadala wa upagani na Ukristo hulifunika. Mashairi haya mawili yanaamini uchawi waziwazi, na hakuna hata moja linalomtaja mchawi. Wapandaji farasi wa kichomi wako juu ya kilima, si nyumba ya pili. Kago la shamba linaomba kwamba asiwepo mwanamke wala mwanamume mwenye maneno ya kuweza kulitangua, kisha linanyamaza; halimwulizi mkulima anamshuku nani. Badala ya kumtafuta mtu, linampa kazi: kata udongo, nenda kanisani, mpe maskini maradufu, lima. Hofu imepewa umbo, mwendo na mwisho, na jua linapotua hakuna aliyefungwa minyororo.

Hilo Agobard hakuliona. Kwake itikadi za watu zilikuwa kitu kimoja, upumbavu, na dawa yake ni hoja. Hoja zake ziliokoa watu wanne, na hakuna ushairi unaoweza kudai kuwa umetenda zaidi. Hata hivyo, ndani ya itikadi hizo hizo mlikuwa na njia mbili: moja inaelekea kwenye jina la mtu, nyingine inapita mbali nalo. Zinguo na jiwe vilitoka katika kijiji kimoja.

Mwaka 1486, katika nchi za Wajerumani, kilichapwa kitabu cha kuwasaka wachawi kilichoitwa Nyundo, na waandishi wake walilazimika kwanza kuipindua ile kanuni ya Regino iliyosema kwamba safari za usiku ni ndoto. Sasa asiyeamini ndiye aliyeshukiwa. Katika karne zilizofuata, kwa makadirio ya wanahistoria, watu baina ya 40,000 na 60,000 waliuawa Ulaya kwa kesi za uchawi, wengi wao wanawake, na wengi baada ya kukiri. Swali la Agobard juu ya wale waliojishuhudia kuwa na unga lilikuwa limekwisha andikwa miaka mia sita na zaidi. Lilikuwa Lyon, ndani ya muswada ambao hakuna aliyekuwa akiusoma.